Nilivyompeleka Madoa Kilema

Harufu ya mgomba uliokatwa vipande vya kulisha ng'ombe hainiachi. Watu wa rika langu waliokulia mlimani wanaijua: harufu mbichi, ya majimaji, yenye ukakasi kidogo, inayoganda mikononi hata ukinawa kwa sabuni ya mche. Siku hizi nina watu wa kunikatia. Mimi nakaa kwenye kiti hapa uani kwangu Moshi naelekeza, maana magoti yamekataa kuinama. Nina ng'ombe wa kisasa wanaotoa maziwa kama bomba, na hakuna aliyenisaidia kununua hata kwato. Shule niliishia darasa la nne. Nasema mapema ili anayesoma asije akatafuta maneno makubwa humu.

Juzi mmoja wa wafanyakazi wangu alikuwa anakata mgomba huku anapiga mluzi kwa meno, polepole, mluzi usio na wimbo. Nikamwambia anyamaze. Akaniangalia kama mtu aliyekosea. Hakukosea. Nilikuwa nimechoka, na harufu ile pamoja na mluzi ule vilinishika mkono vikanirudisha Kilema, kwa baba yangu, nilikokaa kwa muda nilipokuwa msichana mwenye miguu mirefu na akili fupi.

Mimi nililelewa na Bibi mzaa mama, juu ya Mkuu, Rombo. Mama alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka wa Holili, anakuja Krismasi na sukari na biskuti, kisha anarudi kwa mume wake. Baba sikuwahi kumwona. Nyumbani hakuwa hata na jina. Aliitwa mwenye ng'ombe.

Niwaeleze hilo, maana vijana hawalijui. Kwetu mtu aliyekuwa na ng'ombe, kwa sababu zake mwenyewe, aliweza kumweka kwa mtu mwingine. Wewe uliyewekewa unakata majani, unakunywa maziwa, mbolea unatia kwenye migomba na kahawa yako. Ndama ni wa mwenyewe, ila akiridhika na ulivyotunza anakuachia mmoja. Siku akimtaka ng'ombe wake anakuja kumchukua, na wewe huna neno. Sasa baba yangu hakumwoa mama. Hakuleta mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuleta mbuzi wa kujitambulisha. Nilipozaliwa alipandisha ng'ombe mpaka kwa Bibi, akamfunga bandani, akashuka zake. Basi. Madoa alikuwa binti wa ng'ombe yule, na tangu nianze kushika panga mimi ndiye niliyekuwa namkatia majani na kumkamua. Nikiwa mdogo nikiuliza habari za baba, Bibi alikuwa ananijibu bila hata kugeuka:

"Ukimtaka baba yako nenda bandani. Ana chuchu nne."

Alikuja asubuhi moja wakati wa kuchuma kahawa. Alisimama nje ya uzio wa masale, akakohoa. Alikuwa amevaa koti refu la kijivu na kofia, viatu vina vumbi la safari.

"Nani huyo anakohoa kama mwizi mwenye adabu?" Bibi akauliza, na alikuwa anamwona vizuri kabisa.

"Ni mimi, mama."

"Mimi ni jina la nani?"

Akavua kofia. "Mwenye ng'ombe."

"Haya. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Mimi nilikuwa na kikapu cha kahawa mgongoni. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akaniangalia kuanzia miguuni, akapanda na macho mpaka shingoni, akaishia hapo. Usoni hakufika. "Ndiye huyu?" akamwuliza Bibi.

"Ndiye huyo. Ulitegemea nimfiche?"

Kisha akaenda bandani. Alikaa kule muda mrefu, anamshika Madoa kiwele, anamfungua mdomo, anampapasa mgongo. Sikuchukia. Nilijiambia ndivyo wanaume walivyo, wanaanza na kitu wanachokijua.

Bibi akanituma maji. Niliporudi, mazungumzo yao yalikuwa yamekwisha na kata ya mbege ilikuwa tupu. Bibi akaniambia nikaoge, nisugue visigino kwa jiwe, nijipake mafuta. Akatoa gauni langu la Krismasi kwenye sanduku. "Kesho utamsindikiza Madoa kwa baba yako."

Leo najua kwa nini aliniogesha. Bibi alikuwa mtu wa kiburi, na hakutaka watu wa Kilema waseme mtoto wa kwake ana magaga. Na tena ilikuwa desturi: ng'ombe anapohama, aliyekuwa anamlisha ndiye anayemfikisha, anampa majani ya kwanza katika banda jipya, anakaa naye mpaka azoee. Lakini mimi sikusikia Madoa. Nilisikia lile la "kwa baba yako". Nikafungasha nguo zangu zote. Nikamchukua kuku wangu, tetea mweupe niliyemlea tangu kifaranga, nikampelekea rafiki yangu Sabina, nikamwambia awe wake, mimi nahamia kwa baba. Sabina alilia. Mimi nilikuwa najisikia mkubwa.

Bibi aliuona mzigo wangu mlangoni. "Nguo zote hizo za nini?"

"Kilema kuna baridi."

Akanitazama, akausogeza mzigo pembeni, akapita. Nadhani naye alikuwa na tumaini lake, au alikuwa amechoka kunijibu.

Ndama wa Madoa, jike, aliachwa kwa Bibi, ndiyo shukrani ya kumtunza mama yake. Tukaondoka alfajiri, ndama analia nyuma, mama yake anageuka geuka kila hatua. Mimi nilishika kamba mbele, Madoa akafuata, na baba nyuma kabisa na fimbo ambayo hakuitumia. Siku nzima ile aliniona mgongo. Maswali yalikuwa yanatoka nyuma ya ng'ombe.

"Anapenda chumvi?"

"Anapenda."

"Anaogopa mbwa?"

"Haogopi. Mbwa ndio wanamwogopa."

"Akizaa anakuwa mkali?"

"Kwa watu asiowajua."

Tukatembea. Tukavuka kijito. Nikasikia anasafisha koo. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Mbwa. Unawaogopa?"

"Na mimi siwaogopi."

"Ehe," akasema, kama mtu aliyepewa habari nzuri.

Mwika ilikuwa siku ya soko. Akanunua chai na maandazi kwenye kibanda, akanipa mimi kwanza, yeye akasimama kushika kamba. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akatuangalia, akacheka. "Meku, mzee wangu, huyo binti ni wako? Hiyo pua hujaiazima kwa mtu!"

Baba akasema, "Ni mtoto wa kule ng'ombe alikokuwa."

"Basi huko ng'ombe alikokuwa kuna pua nzuri!"

Wenzake wakacheka. Baba akaangalia pembeni. Nanyi mtashangaa, mimi sikuumia. Nilikula maandazi yangu. Nilijua watu wazima hawasifii kilicho chao mbele za watu, wanaogopa macho ya husuda. Nikahesabu kwamba ananificha kwa sababu mimi ni wa thamani. Mtoto anayetaka kitu anaweza kupika mawe yakaiva.

Tulifika Kilema jua linazama. Nyumba ya bati, banda zuri la mbao, migomba imefagiliwa chini mpaka inang'aa. Mke wake, Mama Deo, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Mtoto huyo ndiye Deo, alikuwa bado hajasimama vizuri. Alitukaribisha, akamsifu ng'ombe, kisha akaniangalia.

"Na huyu ni nani?"

"Kamleta ng'ombe," baba akasema.

"Mwenyewe hana jina?"

Baba akafungua mdomo, na hapo nikaona kwamba analitafuta. Labda lilikuwepo, labda aliliogopa mbele ya mke wake. Nikamsaidia. Nikasema naitwa Felista.

Nilimpa Madoa majani ya kwanza kwa mkono wangu, akala. Lakini asubuhi Mama Deo alipokaa kumkamua, alipigwa teke yeye na sufuria. Akajaribu tena, chuchu zimekauka kabisa. Hawa ng'ombe wetu wa asili hawakuwa kama wa siku hizi. Bila ndama pembeni wanazuia maziwa, na hakuna nguvu ya mkono itakayoyatoa. Mimi nilipokaa, akanusa mabega yangu, akaguna, akaachia. Mama Deo alisimama pale anapangusa samadi kwenye sketi.

"Haya," akasema. "Basi akae mpaka ng'ombe azoee."

Nilisikia neno "akae". Yaliyofuata sikuyasikia.

Nilifanya kazi pale kama nyumba inaungua. Nilikata majani kandokando ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, nikapanda nayo kichwani mpaka shingo ikawa inalia. Nilifagia, nilichota maji, nilimwogesha Deo, nilipika mtori mpaka Mama Deo mwenyewe akaomba aongezwe. Katika kichwa changu hesabu ilikuwa rahisi: mtu akiwa na kazi nzuri hafukuzwi. Mpaka leo nalisema hilo kwa wafanyakazi wangu, na kwa wafanyakazi ni kweli.

Kila alfajiri baba alikuja bandani. Alileta mgomba begani, anakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anakata vipande huku mimi nakamua. Na alikuwa anapiga mluzi kwa meno. Siku ya kwanza nilidhani ni mimi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa napiga mimi nikikata majani, mluzi ule ule usio na wimbo. Nikaufuata. Akaacha kukata.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Bibi ananipiga nikipiga. Anasema mluzi si wa wanawake."

"Mimi pia mama yangu alikuwa ananipiga. Alisema naita nyoka." Akacheka, na hapo ndipo nilipomwona meno. Yalikuwa na mwanya. Wangu upo hapa mpaka leo.

Baada ya hapo alizungumza. Si sana. Alikuwa mtu wa kutoa neno, anakata mgomba, anatoa lingine. Aliniambia kwamba ujana wake aliwahi kushuka kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kule tambarare, na watu wa mikoa mingine. Joto la kule, alisema, ni kama kukaa ndani ya chungu kilichofunikwa. "Nilikuwa nikiinua kichwa nauona mlima, nasema kule juu kuna baridi yangu." Habari kwamba nimezaliwa ilimkuta kule kule. Ndipo aliponunua ng'ombe.

Nikamwuliza, huku nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Madoa ili nisimwone, "Kwa nini hukuja kuniona?"

"Ng'ombe nilimleta mwenyewe."

"Baada ya ng'ombe."

Akakata vipande kadhaa. "Ningekuja na nini? Bibi yako angeniuliza mbege iko wapi, mbuzi yuko wapi. Ukichelewesha jambo hilo mwaka mmoja, wa pili linakuwa zito. Baadaye hata njia unaiogopa." Kisha akaniuliza kama kwa Bibi nilikuwa nakunywa maziwa kila siku. Nikamwambia kila siku. Akasema, "Ehe," akarudi kwenye mluzi wake.

Alfajiri zile ndizo zilizokuwa utoto wangu wote pamoja na baba. Nyingine sina. Kulikuwa na ukungu unaingia mpaka bandani, pumzi ya ng'ombe, moshi wa jikoni kwa Mama Deo, na sisi wawili tunapiga mluzi kama watu wasiojuana.

Lakini tukikaa kunywa chai, Mama Deo alikuwa anauliza, "Ng'ombe vipi?"

"Bado," baba anajibu.

Kesho yake tena, "Vipi, nijaribu mimi?"

"Atakupiga. Bado."

Jirani mmoja akaja na ushauri wake, kwamba mkamuaji mpya amlambishe ng'ombe chumvi mkononi na atakubali mara moja. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno makali, alimwambia, "Ng'ombe huyu ni wako?" Jirani akaondoka na chumvi yake.

Mimi kila nikisikia bado, moyo ulikuwa unashuka. Nilisikia kwamba nimeshindwa. Nimeletwa kumzoesha ng'ombe na siwezi. Nilimwona baba anaanza kunichoka, na nikaona siku inakuja atasema mtoto huyu hana kazi, arudi.

Mama Deo naye alikuwa na yake. Siku moja tulikuwa tunafua pale mfongoni, akaniambia bila ubaya wowote, "Sikiliza mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni midomo ya watu. Kanisani wananiuliza mgeni wangu ni nani, na mimi sina jibu, maana mwenye nyumba hajaniambia."

"Hajakwambia?"

"Kaniambia umeleta ng'ombe." Akakamua shuka kwa nguvu. "Macho ninayo. Lakini mwanaume akikaa kimya, mke utaanzia wapi? Angesema, ningejua pa kukuweka."

Hilo la mwisho nililibeba kama dhahabu. Nikajiambia, baba hasemi kwa sababu bado sijamaliza kazi. Nikimaliza, atasema.

Na njia ya kumaliza nilikuwa naijua tangu mwanzo. Zamani Bibi alipokuwa mgonjwa, na jirani akalazimika kumkamua mama yake Madoa, Bibi alikuwa anampa jirani huyo kanga yake, ile ya kukamulia, isiyofuliwa, yenye moshi na samadi na jasho lake. Ng'ombe akinusa anatulia. Mimi nilikuwa na kanga kama hiyo. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, imepauka, na nilikuwa nalala nayo pia.

Alfajiri moja nilimwamsha Mama Deo kabla baba hajatoka kwenda migombani. Nikamfunga kanga yangu mabegani, nikamfunika na kichwa, nikamkalisha kwenye kigoda changu. "Usiongee," nikamwambia. "Mwekee paji la uso hapa. Vuta taratibu." Nikasimama pembeni napiga mluzi. Madoa akageuza shingo, akanusa kanga, akanusa tena, akaniangalia mimi kama anayeuliza. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna. Kisha tukasikia maziwa yanagonga sufuria.

"Mae!" Mama Deo akanong'ona. "Anatoa!"

Baba alikuwa amefika mlangoni, mgomba begani. Nikamgeukia, nikasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "Baba, ameshazoea!"

Sikuwa nimewahi kumwita baba. Lilitoka lenyewe, limebebwa na furaha.

Akashusha mgomba chini. Akamwangalia mke wake ndani ya kanga yangu, akaniangalia mimi nimesimama mikono mitupu. Safari hii macho yake yalifika usoni, yakakaa.

"Ehe," akasema. "Ameshazoea."

Hakukata mgomba asubuhi ile. Alipita, akaenda shambani.

Nilisubiri kutwa nzima. Nilipika, nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Jioni tukakaa kula, ndizi na maharage, na Mama Deo akasema kwa upole kabisa, "Basi mzee, kesho mtoto arudi. Bibi yake ni mtu mzima. Nani anamkatia majani?" Kisha akamwangalia. Na mimi nikamwangalia. Hata Deo alikuwa anamwangalia, sijui alikuwa ameona nini.

Niwaambie ninyi mnaosoma, mimi nimekaa mbele ya watu wa benki, nimekaa mbele ya madalali wa ng'ombe wa Himo wanaokutia kidole machoni, sijawahi kuona kimya kirefu kama kile. Mama Deo alikuwa amemwachia mlango wazi. Neno lilikuwa moja tu. Angesema, huyu ni mwanangu, anakaa. Baba alikuwa na kipande cha ndizi mkononi. Akakiangalia.

"Ni kweli," akasema. "Bibi yake yuko peke yake."

Gari la Rombo lilikuwa linapita Marangu Mtoni, jirani kabisa. Baba akasema twende Himo. Ni mbali zaidi, na ni kushuka kwenye joto asilolipenda. Nilidhani ana shughuli zake Himo. Tulipofika hakuwa na shughuli yoyote. Tulisimama kwenye vumbi, malori ya mpakani yanapita, yeye ameshika mzigo wangu wa nguo.

"Ile ya kanga," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Bibi."

"Ulikuwa unaijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilikuwa naijua."

Akaangalia barabara. "Ungekaa nayo."

"Nikae nayo mpaka lini?"

Akahamisha mzigo mkono mwingine. "Mimi kila siku nilikuwa nasema bado."

"Nilikuwa nakusikia."

"Ulikuwa unanisikia," akasema, polepole, kama mtu anayerudia njia aliyopotea.

Nilijua ananilaumu. Nilijua anasema nimechelewesha ng'ombe wake kwa makusudi. Nikakasirika, machozi yakanijaa, nikaapa hanioni tena. Gari likaja. Kondakta akapiga bati, "Rombo, Rombo! Mzee, binti anapanda au mnaagana mpaka Pasaka?" Baba akaninyanyulia mzigo. Akasema nimsalimie Bibi. Gari likaondoka, na sikugeuka.

Nilifika nyumbani jioni. Ndama alikuwa bado analia, sauti imekauka. Bibi alikuwa anamenya ndizi, hakushangaa kuniona.

"Amekula?"

"Amekula."

"Anatoa maziwa?"

"Anatoa. Anamtolea mke wa baba."

"Kwa upesi huo? Madoa yule alikuwa hata mimi ananinunia."

"Nilimpa kanga yangu."

Kisu kikasimama. "Nani alikuambia umpe?"

"Hakuna."

"Baba yako alikuambia ufanye haraka?"

"Hapana. Yeye kila siku alikuwa anasema bado. Hata jirani alipotaka kusaidia alimfukuza."

Bibi akaweka ndizi chini. Aliniangalia, na uso wake, ambao ulikuwa mgumu kama gome, ukalegea. "Alikuwa anasema bado," akasema. "Mae, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Nimeishi na jambo hilo mpaka nimezeeka. Tulionana tena mara chache, harusini na msibani, tukiamkiana kama watu waliowahi kufanya kazi mahali pamoja. Tumeshamzika. Watoto wangu wananiuliza kama nilimsamehe, wanapenda sana hilo neno. Mimi nawaambia sina hasira naye. Nimechoka tu kumfikiria. Mwanaume mzima, mwenye kihamba chake, shamba la ukoo, mwenye meno na ulimi, alitaka kunibakisha, na akamtegemea ng'ombe aseme kwa niaba yake. Nami nikamnyamazisha ng'ombe. Siwezi kumcheka, na siwezi kumlilia. Nikikaa hapa uani jioni, miguu imevimba, najiuliza tu angeweza kusema bado mpaka lini. Labda mpaka mvua za vuli. Labda mpaka Deo aanze kutembea. Ningepata alfajiri nyingine kadhaa. Hilo ndilo linaloniuma, basi.

Siku ile Bibi alichukua kisu akaendelea kumenya. Mimi nikaingia ndani, nikafungua mzigo, nikatundika nguo zangu kwenye misumari ile ile, moja baada ya nyingine. Kisha nikachukua panga, nikatoka kumkatia ndama majani kabla giza halijaingia.